Hawakutengana: Vijana wa Buta na Maana ya Kujitambua

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, kusini mwa Burundi, wakalifikia bweni la wavulana waliokuwa ndiyo kwanza wanaamka. Wengi wa wavulana hao walikuwa na umri wa miaka 15 hadi 20 hivi. Wakaamriwa wajitenge, Wahutu upande wao na Watutsi upande wao. Kila mmoja mle ndani alijua yeye anahesabiwa wapi, na kila mmoja alielewa kwamba wenye bunduki walikuwa wamekuja kuua upande mmoja. Hawakutengana. Wakauawa 40, Wahutu kwa Watutsi. Wiki sita kabla ya hapo, usiku wa tarehe 18 Machi, ng'ambo ya mpaka, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, walikuwa wamepewa amri ileile wakiwa darasani wanajisomea. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Sita waliuawa usiku ule, wengine wakajeruhiwa. Rwanda leo inawahesabu wanafunzi wa Nyange miongoni mwa mashujaa wake wa taifa, katika daraja linaloitwa Imena, na Kanisa Katoliki la Burundi limefungua mchakato wa kuwatangaza vijana wa Buta kuwa wafiadini.

Nimeanza na vijana hawa kwa sababu neno "kujitambua" limekuwa jepesi mno midomoni mwetu. Kijana akichelewa kuoa, hajitambui. Akisuka nywele, akibadili dhehebu, akiacha kazi ya ofisini akaenda kulima matikiti, anaambiwa ajitambue. Kwenye makongamano ya vijana, mhamasishaji hupanda jukwaani akatuambia kwamba jibu la swali "mimi ni nani" limo ndani yetu, tunyamaze tulisikilize. Mzazi naye ana jibu lake: limo kwenye ukoo, kwenye mila, kwenye dini uliyozaliwa ukaikuta nyumbani. Hawa wawili huonekana kama wanapingana, ila wanakubaliana juu ya jambo kubwa. Kwao utambulisho ni kitu kilichokwisha kukamilika, kimefukiwa mahali fulani, na kazi ya kijana ni kukifukua na kukipangusa vumbi. Mimi ni wa kizazi kinachohubiriwa hivyo kila wikiendi, na siamini. Wavulana wa Buta hawakufukua chochote alfajiri ile. Hapakuwa na muda wa kuzisikiliza nafsi zao, na laiti wangefuata ukoo, nusu yao wangepona. Walichofanya kilikuwa kimejengwa kwa miaka kadhaa, mle mle bwenini, na watu wengine walishiriki kukijenga.

Ninachodai ni hiki. Kijana huanza kujua yeye ni nani anapoishi karibu na mtu asiyefanana naye, wakiwa sawa, wakipanga foleni moja ya chakula, na wakiwa huru kuzungumza waziwazi juu ya kinachowatofautisha. Masharti hayo ni mawili, na moja halifanyi kazi ya mwenzake. Watu wanaweza kuishi pamoja miaka hamsini bila kuulizana lolote la maana, kisha siku moja wakashangaa wamegeukana. Wengine huzungumzia umoja kila siku kwenye semina huku kila mmoja akirudi kulala kwa watu wa kwao. Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana tu kwa watu wa makundi mbalimbali hakupunguzi chuki. Kunaipunguza pale wanapokuwa na hadhi sawa, wanapofanya kazi inayowahitaji wote, na pale wenye mamlaka juu yao wanapounga mkono ukaribu huo. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 za miongo mingi juu ya suala hilo, na kwa ujumla zilionyesha kwamba kukutana kunapunguza chuki, na kunapunguza zaidi pale masharti ya Allport yanapokuwapo. Hayo yalipatikana maabara, viwandani, jeshini na mashuleni. Sisi wa Maziwa Makuu tuna ushahidi wetu, na tumeulipia kwa damu.

Tazama kilichotokea Burundi kabla ya Buta. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, na nchi ikaingia katika mauaji ya kulipizana. Siku hiyohiyo, huko Kibimba mkoani Gitega, makumi ya wanafunzi Watutsi walikusanywa kwenye kituo cha mafuta na kuchomwa moto. Nao walikuwa wanafunzi, nao walikuwa wamekaa madarasani na wenzao Wahutu. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba kukaa dawati moja kunatosha. Buta nayo ilipokea habari hizo, na vijana wake wakaanza kutazamana kwa jicho la shaka kama kila mahali nchini. Tofauti ilikuwa katika uamuzi wa walezi wao. Gombera wa seminari, padri Zacharie Bukuru, hakuwaambia wanyamaze kwa hofu ya kuchochea. Aliwaketisha wakazungumza: mauaji ya sasa, mauaji ya kikabila ya 1972 nchini mwao ambayo wazazi wa wengi wao waliyabeba moyoni bila kuyataja, na hofu ambayo kila upande ulikuwa nayo juu ya mwenzake. Sambamba na mazungumzo hayo walicheza, walipiga ngoma, walifanya kazi na kusali pamoja, na maisha ya bweni na bwalo yaliendelea bila kugawanywa. Kitu cha namna hiyo hakikamiliki kwa wiki moja. Kilichukua zaidi ya miaka mitatu, tangu mwishoni mwa 1993 hadi Aprili 1997, muda unaomtosha mvulana kutoka kidato kimoja hadi kufikia kile cha tatu mbele yake, sauti ikiwa imeshakuwa nzito.

Hapa msomaji makini atanikumbusha Rwanda ya kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994, na ana haki. Wanyarwanda walikuwa na lugha moja. Walisali katika makanisa yaleyale, walilima vilima vilevile, walioana, waliazimana majembe. Kama kuishi pamoja kunamfundisha mtu utu wa mwenzake, mbona jirani alimuua jirani? Sioni pingamizi zito kuliko hili kwa hoja yangu, na jibu lake limo katika neno letu lenyewe. Kiswahili hutoa "kujitambua", "utambulisho" na "kitambulisho" katika shina moja. Rwanda, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 chini ya Wabelgiji, kitambulisho cha mtu kiliandikwa kama yeye ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na serikali zilizofuata baada ya uhuru ziliacha neno hilo lilipokuwa. Nafasi za shule na za kazi ziligawanywa kwa mafungu ya kabila. Mtoto aliketi na mwenzake, lakini orodha ya mwalimu ilikuwa imekwisha kuwatenga. Waliishi pamoja bila usawa, na mamlaka iliyokuwa juu yao ilikuwa ikiwakumbusha kila mwaka nani ni nani. Mazungumzo yaliyoruhusiwa yalikuwa ya upande mmoja, na kufikia 1993 na 1994 redio ya RTLM iliyafanya kazi ya kutwa. Sharti la kwanza lilikuwa nusu, la pili halikuwapo. Nyange ilikuja miaka mitatu baadaye, baada ya neno lile kufutwa kwenye vitambulisho, katika darasa ambalo baadhi ya wanafunzi walikuwa yatima wa mauaji hayo na wengine watoto wa familia zilizotuhumiwa. Hao ndio walioambiwa watengane.

Linalofuata linahusu imani, na ndilo linalowatia wazazi wengi wasiwasi kuliko kabila. Wanasema: mpeleke mtoto akachanganyike na kila mtu, aulize kila swali, na mwisho atarudi hana dini wala adabu. Nauheshimu wasiwasi huo kwa sababu unatoka kwa watu wanaopenda. Lakini ushahidi unaelekea kwingine. Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia alitofautisha vijana waliofika kwenye imani zao kwa kuzihoji na kuzichagua, na wale waliopokea walichopewa bila kukigusa, kama mtu aliyefunga mlango kabla hajatazama nje. Wote wawili wanaweza kuonekana imara. Wanatofautiana siku ya mtihani, kwa sababu wa pili anategemea idhini ya aliyempa imani ile, na akipata mtu mwingine mwenye sauti ya mamlaka zaidi, anaweza kuhama naye.  

Chukua mifano miwili ya Kenya ndani ya mwaka mmoja. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji wa kundi la kigaidi la Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga Waislamu na wasio Waislamu, na watu 148 wakapoteza maisha, wengi mno wakiwa wanafunzi. Desemba 21 mwaka huohuo, karibu na El Wak, kundi hilohilo lilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera. Abiria waliambiwa wajitenge. Waislamu waliokuwa ndani ya basi lile walikataa. Walikuwa wamekwisha kuwapa wanawake Wakristo mitandio wajifunike, na wakawaambia washambuliaji kwamba kama ni kuua wawaue wote au waondoke. Mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule ya msingi, alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki mwezi uliofuata. Jambo la kutazama hapa ni kwamba watu wale hawakuuacha Uislamu wao ili wawatetee Wakristo. Waliutumia. Na vijana wa Buta hawakuwa watu wa imani nyepesi. Walikuwa waseminari, wanaojiandaa kwa upadri, huenda ndio vijana wenye dini zaidi katika mkoa wao. Dini iliyozoea kuishi na jirani wa dini nyingine, na iliyolazimika kujieleza mbele yake, ilipata mahali ambapo ingesimama. Mzazi anayeogopa maswali ya mwanawe anaogopa kitu kinachoweza kuja kumsaidia.

Nirudi Tanzania, kwa sababu sisi tunapenda kujisifu katika jambo hili na sehemu ya sifa hiyo ni ya haki. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania makabila yao. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali ili mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini ya baba yake. Kiswahili kikawa lugha ya shule ya msingi. Mwanafunzi wa Bukoba alipangiwa Songea, wa Mtwara akapangiwa Musoma, na baada ya hapo Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa mwaka 1963, likawachukua wasomi kwa mujibu wa sheria kuanzia 1966. Mchumi Edward Miguel alilinganisha Busia ya magharibi mwa Kenya na Meatu ya Tanzania, maeneo mawili ya vijijini yanayofanana kwa mambo mengi ya maisha, na katika makala yake ya mwaka 2004 alionyesha kwamba Busia, kadiri makabila yalivyokuwa mengi mahali, ndivyo shule zilivyochangiwa kidogo, ilhali Meatu hali hiyo haikuonekana. Aliona mizizi ya tofauti hiyo katika sera za kujenga taifa. Kwa hiyo haikuwa bahati wala hulka ya upole tuliyozaliwa nayo, kama wengine wanavyopenda kusema. Ilikuwa kazi, iliyopangwa, iliyolipiwa, na iliyopingwa pia. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kuikataa JKT, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu mia nne warudi makwao. Sitaki kulipamba tukio hilo. Kulazimishwa kulikuwa kulazimishwa, na vijana walikuwa na hoja zao.

Ila tulifanya nusu ya kazi. Tulichanganyika vizuri sana, kisha tukakubaliana kunyamaza. Kwa muda mrefu, swali lolote juu ya tofauti zetu limejibiwa kwa sentensi moja: sisi hatuna ukabila, sisi hatuna udini. Sentensi hiyo ilikuwa lengo zuri mwaka 1964. Leo mara nyingi hutumika kufunga mjadala. Kijana akiuliza kwa nini mikoa fulani ilitangulia kupata shule na mingine ikachelewa, akiuliza dini zetu zinasema nini hasa juu ya ndoa za mchanganyiko, akiuliza kwa nini binti wa kabila lake hapewi shamba la baba yake, anaambiwa asilete mambo hayo. Anaenda kuuliza kwenye simu, na kule hujibiwa haraka sana na watu asiowajua, wenye ajenda zao.

Wapo wanaosema kunyamaza huko ndiko kulikotuponya, na kwamba ukishaanza kuzitaja tofauti umeanza kuzikuza. Ningekubaliana nao kama wazee wetu wasingetuachia ushahidi wa kinyume. Utani ni nini kama si njia ya kutaja tofauti bila kumwaga damu? Mnyamwezi na Mzaramo, waliokutana katika njia ya misafara kutoka Unyamwezi hadi pwani, wakawa watani. Mtani anaweza kukucheka ulafi wako na kukuita mtumwa wake, na msibani kwako yeye ndiye anayeingia jikoni na kushika kazi. Asiyelijua hilo atadhani ni kejeli. Ukweli ni kwamba utani uliwapa watu ruhusa ya kusema mambo ambayo wageni hawathubutu kuambiana, na ukaambatanisha ruhusa hiyo na wajibu wa kuzikana. Yale masharti mawili ninayoyadai, ukaribu na uwazi, wazee wetu waliyaunganisha kabla Allport hajazaliwa. Sisi tumebaki na vichekesho, tukapoteza wajibu, na kwenye vichekesho vyenyewe sasa tunaogopa.

Wakati huohuo ile nusu tuliyoifanya vizuri inapungua. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, shule za kata zimejengwa kila kona ya nchi, na sitamuunga mkono yeyote anayezibeza. Zimewapa sekondari watoto, hasa wa kike, ambao zamani wangeishia darasa la saba. Lakini zina tokeo ambalo halikupangwa: kijana wa kijijini anasoma na majirani zake tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, miaka kumi na moja, na watoto wa wenye uwezo wanasoma katika shule binafsi, nyingi zikiwa za madhehebu, na wenzao wa tabaka lao. JKT ya mujibu wa sheria ilisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, lakini wanaoitwa ni waliomaliza kidato cha sita, sehemu ndogo ya vijana wote. Kenya ilitangulia kwa njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1980 iliamua kwamba asilimia 85 ya nafasi za shule za maeneo zitengewe watoto wa maeneo hayohayo. Nia ilikuwa njema, kuwalinda watoto wa sehemu zilizoachwa nyuma wasipokonywe shule zilizoko kwao, lakini watoto walioanza shule wakati huo walikuwa vijana wazima uchaguzi wa Desemba 2007 ulipogeuka mauaji, ambapo tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Sidai kwamba sera ya shule ndiyo iliyowaua. Ardhi, siasa na fedha vilifanya kazi kubwa zaidi. Nasema tu kwamba kizazi kile kilikuwa kimepunguziwa nafasi ya kulala bweni moja na wale kilichokuja kuambiwa kiwaogope.

Kenya hiyohiyo ikatoa, Juni 2024, vijana waliojaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha huku wakisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Wengi wao wamekulia mijini, wakizungumza Sheng, lugha iliyozaliwa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kwa sababu watoto wa lugha mbalimbali walikuwa wakicheza uwanja mmoja. Niliona wazee wakishangaa kana kwamba kauli ya "hatuna kabila" imeshuka kutoka angani. Ilitoka kwenye viwanja vile, kwenye matatu, kwenye madarasa yaliyofurika baada ya elimu ya msingi kuwa bure mwaka 2003. Hata hivyo nina shaka moja na kauli hiyo, na naisema kama mtu anayewatakia mema walioitoa. "Sina kabila" inafaa kwa kukusanya watu barabarani. Kama jibu la mtu kuhusu nafsi yake, haifiki mbali. Vijana wa Buta walikuwa na makabila yao. Walijua kila mmoja kwao, walijua wazazi wao walikuwa wamepoteza nani, na kwa mikono ya nani. Walikataa kutengana wakiwa wanajua hayo yote, na uzito wa tendo lao umo humo. Kijana anayefuta alikotoka ili apatane na wenzake atashtushwa siku alikotoka kutakapomuita kwa jina.

Hapo ndipo ninapomjibu anayeniambia "mwacha mila ni mtumwa". Anadhani ninachopendekeza kitatuachia kizazi kisicho na lugha za kwao wala heshima kwa wakubwa. Lugha za kwetu zinapotea kweli, na inauma. Lakini zinapotea sebuleni, wazazi wanapozungumza na watoto kwa lugha ya shule kwa kuona ndiyo yenye faida. Hazipotei kwa sababu Mhaya amelala jirani na Mmakonde. Mara nyingi ni bwenini ambako kijana huulizwa kwa mara ya kwanza, "kwenu hili mnaliitaje?" na kugundua kwamba hajui. Mtu hawezi kuiona mila yake akiwa amezungukwa na wanaoifuata wote. Anaiona pale mwenzake anapoistaajabia, anapomuuliza sababu, na yeye akalazimika kurudi kwa bibi yake kutafuta jibu.

Pingamizi la shule za bweni silipuuzi, kwa sababu halihusu nadharia. Watoto wamefia humo. Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, moto wa bweni uliua wanafunzi 67, na mioto mingine imefuata tangu hapo. Kuna viboko, kuna uonevu wa wakubwa kwa wadogo, kuna njaa. Mabweni yenye madirisha ya nondo na mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli yasiitwe malezi na mtu yeyote, na sipiganii kurudishwa kwa zamani hiyo. Ninachopigania ni ukaribu wa kutosha kwa muda wa kutosha, na bweni ni njia mojawapo. Wengine wanasema simu imeshaimaliza kazi hiyo, kwamba kijana wa Sumbawanga anazungumza na wa Mombasa kila usiku. Anazungumza naye, ndiyo, lakini akiudhika anamfungia na kumpata mwingine anayekubaliana naye. Mwenzako wa kitanda cha juu huwezi kumfungia. Kesho asubuhi mtasimama foleni moja ya maji, na itabidi mjue namna ya kuendelea.

Bado tuna nafasi moja kubwa, na tunaitumia vibaya. Kila mwaka TAMISEMI, idara ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, inawapanga waliofaulu kidato cha nne kwenda kidato cha tano, na wengi wanatupwa mbali na kwao. Mabasi ya Julai hujaa vijana wa miaka 17 na 18 wenye masanduku na magodoro, wakienda mikoa ambayo hawajawahi kuiona. Wazazi wanalalamikia nauli, na wana haki. Serikali ikitaka kuwapunguzia mzigo, iwalipie nauli hiyo badala ya kuwapangia karibu na nyumbani. Na wakishafika, wiki zile za kwanza ambazo sasa huishia kwenye usafi, sheria za shule na vitisho vya vidato vya juu, zipewe kazi nyingine. Mwalimu mwenye moyo wa kazi hiyo awaketishe bwenini, jioni baada ya chakula, bila wageni rasmi na bila hotuba. Kila mmoja aeleze kwao wanazikanaje, wanaoaje, wanasali vipi na kwa nini, waliwahi kusikia nini kibaya juu ya watu wa yule aliyekaa mbele yake, na yule naye aulizwe kama ni kweli. Jioni ya kwanza watacheka sana na kusema kidogo. Waketishwe tena wiki inayofuata.